Jiwe la moto na jiwe la kombe

Juzi nilikuwa barazani kwa fundi mmoja wa Langoni, mwashi wa nyumba za zamani hapa Lamu. Nikamtolea mfukoni jiwe jeusi nililorudi nalo kutoka Naivasha. Akaligeuzageuza juani, akacheka. "Mwalimu, kigae hiki cha chupa umekiokota wapi?"

Hakukosea sana. Jiwe hilo, obsidiani, ni kioo kweli, ila kimepikwa na volkeno. Hutokana na lava iliyojaa silika (madini yaliyomo pia katika mchanga), mara nyingi asilimia 70 na zaidi, nayo ni nzito kama uji ulioshika. Lava hiyo ikipoa haraka, chembe zake hazipati nafasi ya kujipanga ziwe fuwele. Huganda ovyo pale pale zilipo. Kwa hiyo jiwe halina mshipa wa kufuata. Ukiligonga linabanduka kwa mawimbi ya duara, mithili ya mgongo wa kombe la baharini, na ukingo unaobaki waweza kuwa mkali kuliko wembe. Wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa walichonga visu kwa obsidiani ya Mlima Eburru. Na kwa kuwa kila chimbuko lina mchanganyiko wake wa kemikali, kisu kilichookotwa mbali twaweza kukirudisha kwao kwa kukipima tu.

Wanajiolojia huuita mvunjiko huo wa mawimbi kwa jina la kombe, ingawa ndani yake hamna kombe hata moja. Kombe zenyewe zimo katika kokwina: vipande vya kombe vilivyosagwa na mawimbi, vikarundikana ufukweni, kisha maji ya mvua yakayeyusha chokaa kidogo hapa na kuiacha pale, hadi vikashikana. Kuta za Lamu si kokwina, tusidanganyane. Ni mwamba wa matumbawe ya kale. Lakini ni ndugu, kwani yote mawili ni kalisiamu kaboneti, yaani chokaa. Kamulia ndimu kwenye jiwe lisilopigwa lipu, utaona povu. Obsidiani haitajali ndimu wala siki. Msumari nao hukwaruza jiwe la kombe bila taabu.

"Basi lako ndilo gumu," fundi akasema. "Mbona watu hawajengei?"

Nikamweleza habari ya ngome ya Castillo de San Marcos kule Florida, iliyoanza kujengwa kwa kokwina mwaka 1672. Waingereza walipoizingira mwaka 1702, risasi za mizinga hazikuupasua ukuta, zilizama humo. Jiwe lina vitundu tele, hivyo lilipopigwa lilibonyea likaumeza ule mshindo. Obsidiani ingetawanyika vigae, ikawakata wenyewe waliojificha nyuma yake.

"Kama kutia kidole kwenye boflo," akasema.

Sina mfano bora. Kisha akaniongezea la kwake: tumbawe la baharini zamani lilichongwa likiwa bichi, maana likikauka linakaza na patasi inateseka. Kokwina nayo ni hivyo hivyo, hutoka machimboni laini, ikaachwa upepo uikaushe kabla ya kujengewa. Hilo la upepo nililisoma chuoni; yeye alilipata kwa babake.

Kabla sijaondoka aliniomba kipande cha jiwe jeusi. Akakijaribu kwenye uzi wa timazi, ukaachana kabla hajaukaza.