Seli shina za damu na mwili uliopigwa na mionzi

Ukila bukari (ugali) na nyama ya mfupa iliyotoka soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, mwishoni utaugonga ule mfupa kwenye sahani ili uboho udondoke. Ndani ya uboho wa namna hiyo, katika mifupa yetu sisi, ndimo damu inamozaliwa: chembe nyekundu, chembe nyeupe, na zile za kugandisha damu. Zote zina mama mmoja, seli shina ya damu. Mfikirie mkulima anayekula mahindi yake lakini hagusi yale ya mbegu. Seli shina nayo hutoa damu kila siku, huku nyingine zikibaki mbegu.

Mionzi mikali huua zaidi seli zinazogawanyika haraka, na uboho haupumziki. Mbegu zikiungua, shamba halioti tena. Chembe za kugandisha damu huishi siku kama 10 tu. Zikiisha bila kufuatwa na nyingine, damu inavuja kwenye fizi na tumboni. Chembe nyeupe zikiisha, vijidudu vinaingia bila kizuizi. Hapo ndipo wengi hufia.

Mtu aliyepigwa hivyo na mionzi anaweza kupandikiziwa mbegu mpya. Kupandikiza si kupasua. Seli shina za mtu mwingine hutiwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida, nazo hutafuta njia zenyewe hadi ndani ya mfupa. Damu mpya huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4.

Je, seli hizo hugeuka kuwa utumbo au ngozi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapo watafiti waliodhani hivyo, lakini majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa jambo hilo ni nadra mno. Utumbo na ngozi vina seli shina zao. Damu mpya inazipa oksijeni, inaziba panapovuja, inazoa seli zilizokufa na kuzuia maambukizi wakati zenyewe zinajitengeneza. Kwa neno moja, inazipa muda.

Mwaka 1958, baada ya ajali ya tanuri la nyuklia la Vinča, Yugoslavia, wagonjwa 5 walipandikizwa uboho Paris na daktari Georges Mathé, 4 walipona. Uboho wa kigeni haukudumu mwilini mwao, ila wao wenyewe walirudia kutengeneza damu. Chernobyl, Ukraine, tanuri la nyuklia lilipolipuka mwaka 1986, mambo yalikuwa mabaya: kati ya 13 waliopandikizwa, walibaki hai 2. Wengi walikuwa wameungua vibaya ngozi na utumbo, na damu mpya haiwezi kufufua utumbo uliokwisha kufa.

Huku kwetu watu wakisikia mionzi hukumbuka Shinkolobwe, karibu na Likasi, kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Hiyo ni habari nyingine. Mchimbaji huvuta vumbi la urani na gesi inayotoka humo kidogo kidogo, miaka kwa miaka. Uboho wake unaweza kuwa mzima kabisa; kinachoumia ni pafu.