Je, wajua kwa nini spika za zamani "zikiboreshwa" mara nyingi zinazubaa? Kisa cha JBL L100 za baba mdogo

Baba mdogo wangu alikuwa baharia, na mwaka 1977 alirudi Tanga na spika mbili za JBL L100 zimefungwa kwenye mablanketi, kila moja nzito karibu kilo 25, na tangu siku hiyo sebule yake pale Ngamiani haikuwahi kulala kimya Jumamosi. Mimi nimekua nazikuta pale. Gitaa la rumba likiingia unalisikia kama jamaa kakaa kwenye kochi pembeni yako, ngoma ikipigwa kifua kinajua kabla sikio halijajua. Sasa miaka kadhaa iliyopita zikaanza kukwaruza, tukampa fundi, akazirudisha zimepigwa polishi safi kabisa, zinang'aa, na sauti imekufa. Sio kwamba hazilii, zinalia, ila zimekaa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Baba mdogo alisikiliza nusu wimbo akazima, akaenda kukaa barazani.

Hilo ndo lilinifanya nianze kuuliza: uchangamfu wa spika unakaa wapi hasa? Maana kama hujui unakaa wapi utautoa bila kujua, halafu utalipia na hela juu.

Tuanze na koni, ile karatasi ya duara inayotetemeka. Nyuma ya koni kuna koili ya waya, koili iko ndani ya sumaku, umeme wa muziki ukipita koili inasukumwa mbele na nyuma na koni inafuata. Kwa hiyo ni mambo mawili tu yanashindana, nguvu ya sumaku na koili upande mmoja, na uzito wa kile kinachosukumwa upande wa pili. Sumaku kali na koni nyepesi, spika inaitika haraka na inatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Ukiongeza uzito wa koni mara mbili na kila kitu kingine ukiacha vilevile, sauti ya katikati inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na desibeli 6 maana yake emplifaya inabidi itoe wati mara nne ndo urudi ulipokuwa! Spika za zamani nyingi zilitengenezwa enzi ambazo wati zilikuwa ghali, emplifaya ya wati 20 au 30 ilikuwa kitu cha maana nyumbani, kwa hiyo koni zilikuwa za karatasi nyepesi na sumaku kubwa. Ule wepesi ndo tunauita uchangamfu. Pigo la ngoma linafika lote, halifiki nusu.

L100 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule California, na asili yake ni spika ya studio, JBL 4310, ambayo mafundi wa kurekodi walikuwa wanaitumia kusikilizia kazi zao, kampuni ikaivalisha mbao nzuri na grili ya sponji ya rangi ya machungwa au bluu au kahawia ikauzwa kwa watu wa nyumbani. Ukiwahi kuona lile tangazo la kaseti za Maxell, jamaa kakaa kwenye kiti nywele na tai vinapeperushwa na sauti, ile spika iliyo mbele yake ni L100. Ndani kuna wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12 yenye koni nyeupe, midi ya sauti za katikati ya inchi 5, na twita ndogo ya karatasi ya sauti nyembamba.

Sasa fungua nyuma ya wufa uangalie krosova. Krosova ndo kile kisakiti kinachogawa sauti, besi iende kwenye wufa, nyembamba iende kwenye twita. Spika nyingi za hifi zina krosova yenye koili, kapasita na rezista lundo. Kwenye L100 nilikuta kapasita mbili. Basi. Moja ya maikrofaradi 8 kwa ajili ya midi, nyingine ambayo kiasili ni ya maikrofaradi 3 kwa ajili ya twita, na vile vitufe viwili vya mbele vya kupunguza na kuongeza. Wufa haina kitu chochote, waya unatoka kwenye emplifaya unaenda moja kwa moja kwenye koili yake.

Nilivyoona mara ya kwanza nikadhani fundi kaiba vitu. Kumbe ndivyo ilivyozaliwa. Wufa inaachwa ipige mpaka pale koni yenyewe inaposhindwa kwenda juu zaidi, kwa hiyo kuna eneo kubwa la sauti ya katikati, sauti za waimbaji, magitaa, tarumbeta, ambapo wufa na midi zinapiga pamoja. Ukimpa injinia wa leo apime atakuonyesha grafu ina vilima na mabonde na atakuwa sahihi. Lakini hilo eneo la kupandana ndo linalomsogeza mwimbaji mbele, na ile wufa isiyo na koili mbele yake inashikwa na emplifaya moja kwa moja. Ndo maana mtu akija na ushauri wa "weka koili kwenye wufa itulie", itatulia kweli, na wewe utakuwa na spika nyingine. Hata kampuni yenyewe ilipoitoa upya mwaka 2018 kwa jina la L100 Classic iliweka krosova kamili inayokata wufa kwenye hezi 450 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa nyingi sauti ni nyembamba), na ni spika nzuri sana ila tabia yake sio ile ya sebuleni kwa baba mdogo.

Turudi kwenye zile kapasita maana hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Kapasita ikikaa mbele ya twita inazuia besi isipite, na thamani yake ndo inaamua ukuta uko wapi. Hesabu sio ngumu: kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme), kapasita ya 3 inaweka ukuta kwenye hezi kama 6,600, na ya 8 inaweka kwenye hezi kama 2,500. Fundi wetu hakuwa na 3 akaweka 4.7, "zinakaribiana mzee". Hazikaribiani. Kwa 4.7 ukuta unashuka mpaka hezi 4,200, kwa hiyo twita ya karatasi ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo inaanza kubebeshwa sauti za midi, inakwaruza ukifungua volumu, na siku ya harusi inaungua. Kapasita mbadilishie, sawa, ila namba ibaki ileile. Kama 3 haipo dukani chukua mbili za 1.5 uzifunge sambamba, unapata 3.

Jambo jingine kuhusu kapasita ni kwamba zile za elektrolitiki zikizeeka zinakauka, na upinzani wake wa ndani unapanda. Twita inapokea kidogo kidogo, miaka inaenda, sikio linazoea. Siku unaweka kapasita mpya za plastiki, zile za filamu zenye upinzani karibu na sifuri, twita inaruka juu ghafla na unaona spika imekuwa kali, inachoma. Wengine hapo wanafurahi wiki moja halafu wanaanza kuuza spika. Dawa yake ni ya bei ya maandazi, rezista ya omu 1 mfululizo na kapasita, inashusha twita ya omu 8 kwa desibeli kama 1, na nusu omu inashusha nusu desibeli. Kwa L100 una vitufe vya mbele pia, ila hivyo navyo ndo vilikuwa chanzo cha kukwaruza kwetu tangu mwanzo, maana chumvi ya bahari na unyevunyevu wa Tanga vimekula chuma cha ndani. Spreyi ya kusafishia kontakti, unapuliza kidogo, unazungusha kitufe mara thelathini huku na huku, na kelele zote zikaisha. Yaani tungefanya hilo tu mwanzo tusingefika tulikofika.

Lakini hata baada ya kurudisha kapasita za 3 bado besi ilikuwa hamna. Hiki kitu kilinichukua wiki mbili nzima, na naomba ukisome vizuri kama una JBL ya zamani. Nikisogeza sikio kwenye spika ya kushoto besi ipo, ya kulia ipo, nikikaa katikati kwenye kochi inapotea, kama mtu kafungua mlango ikatoka. Nikachukua betri ya volti 1.5, nikagusisha chanya kwenye terminali nyekundu ya nyuma ya boksi la kushoto, koni ya wufa ikaingia ndani. Ya kulia, ikatoka nje. Hapo nikajua moja imegeuzwa waya, na kwa akili ya kawaida nikadhani mbovu ni ya kushoto, kwa sababu kila spika duniani chanya kwenye nyekundu koni inatoka nje. Kumbe JBL za miaka ile ziko kinyume! Kiwandani kwao chanya kwenye nyekundu koni inaingia ndani, na walikaa na utaratibu huo miaka mingi. Fundi alifungua moja, akaijaribu kwa betri, akaona "imekosewa", akageuza waya kwa nia njema kabisa. Matokeo yake wufa moja inavuta hewa wakati mwenzake inasukuma, besi zinauana. Nikarudisha waya wa kulia, nikaweka muziki, na baba mdogo aliyekuwa barazani akauliza kwa sauti, "Umefanya nini?"

Kwa hiyo kabla hujatoa waya wowote piga picha kwa simu. Zote. Rangi gani imeenda terminali gani.

Kuna kishawishi kingine cha kung'oa wufa ya zamani uweke mpya "yenye nguvu". Zile mpya za inchi 12 zinazouzwa madukani kwetu nyingi ni za gari au za disko, koni nzito, ukingo wa mpira mnene, zinataka boksi jingine na emplifaya nyingine. Na sumaku ya wufa ya L100 za mwanzo ni ya alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, na hapa kuna historia inayotuhusu sisi wa huku. Mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani wakati huo alikuwa Zaire, Kongo ya leo, na migodi ilikuwa jimbo la Shaba, yaani Katanga. Mei 1978 vita ikafika Kolwezi, bei ya kobalti ikapaa, na viwanda vya spika Marekani vikaanza kuikimbia alniko na kuhamia sumaku za feraiti, JBL akiwemo. Kwa hiyo L100 ya 1977 ni ya zile za mwisho mwisho kabla ya hapo. Sumaku ya alniko haipendi kuangushwa wala kugongwa, inaweza kupungua nguvu, na ikipungua uchangamfu unaondoka nayo, kwa hiyo ukiitoa kwenye boksi ishike kama mtoto mchanga.

Ukingo wa hiyo wufa ni kitambaa kilichopakwa dawa, ndo maana umevuka miaka yote hiyo. Usiupake gundi "kuimarisha", gundi inaongeza uzito na ugumu, tumeshaona uzito unafanya nini. Spika nyingine nyingi za enzi hizo hazina bahati hiyo, AR-3a kwa mfano, zile za Massachusetts, wufa yake ina ukingo wa sponji na sponji ya namna ile hewa ya pwani inaila, ukibonyeza na kidole inavunjika kama biskuti iliyolowa. Hiyo lazima ubadilishe, ila weka sponji laini ya saizi ileile, usikubali kuwekewa mpira kwa sababu unadumu, maana AR imejengwa boksi limefungwa kabisa na ile hewa ya ndani ndo springi yake, ukingo ukiwa mgumu hesabu yote imeharibika.

Boksi nalo, watu wanajaza pamba mpaka juu wakidhani sauti itakuwa safi. L100 ina tundu la hewa mbele na hilo tundu linafanya kazi ya besi, ukijaza pamba umeliziba pumzi. Acha kile kilichokuwemo. Kitu kilichotusaidia zaidi ya pamba yoyote ni stendi, seremala wa jirani alitengeneza za mninga, sentimita 30 tu, zimelala nyuma kidogo. Spika ikikaa sakafuni ya saruji besi inavimba inafunika kila kitu, ukiinyanyua inapungua unene na unaanza kusikia vidole vya mpiga besi.

Na ukitaka kubadilisha chochote badilisha spika moja kwanza. Hii ningeijua mapema! Acha ya pili kama ilivyo, weka emplifaya kwenye mono, piga wimbo unaoujua kwa moyo, geuza balansi kushoto, geuza kulia. Masikio yanasahau baada ya dakika chache, lakini spika ya zamani iliyokaa pembeni haisahau. Kama ile uliyoigusa imekuwa safi zaidi lakini hutikisi mguu, rudisha.

Tulifanya hivyo kwa kapasita za filamu, mimi na baba mdogo, yeye kageukia ukutani asione naweka ipi. Mara ya kwanza kachagua ya zamani. Nikaongeza ile rezista ya omu 1, nikapiga tena wimbo uleule, akanyamaza mpaka gitaa la pili lilipoingia, kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti. "Hiyo," akasema. "Hiyo iache hivyohivyo, na ile nyingine ifanye kama hii."