Mnyama akiishi kwenye uzito mara mbili anakuwaje?

Nafundisha fiziolojia ya mifugo hapa Dodoma na kila mwaka tukifika kwenye mvutano wa dunia, graviti, wanafunzi wanauliza kitu kilekile: mnyama akikaa miezi sehemu yenye mvutano mkubwa si atajaa misuli na kuwa dude kubwa? Hapana jamani. Anakuwa mdogo, mafuta yanaisha mwilini, na siku za kwanza anayeamua mambo sio msuli, ni sikio.

Mvutano wa dunia huwezi kuuongeza, kwa hiyo unatumia sentrifugi, yaani kizimba kinaning'inizwa kwenye mkono wa mashine halafu kinazungushwa mchana na usiku, wanasimamisha kidogo tu kusafisha na kuweka chakula. Mkono wa mita 4 ukizunguka kama mara 20 kwa dakika unapata g 2, yaani mara mbili ya mvutano wa kawaida wa dunia (g 1), hapo kuku wa kilo 2 anabeba mwili wa kilo 4 saa zote, akila, akilala, akitaga.

Na kuku ndo walitufundisha mengi. Chuo kikuu cha Davis kule California, Arthur Smith na wenzake walizungusha kuku kwa miaka mingi, wakipandisha g taratibu manake ukimpeleka ghafla anaumwa, hali, wengine wanakufa. Waliostahimili wakazalishwa, na watoto wao nao hivyohivyo, kizazi baada ya kizazi. Watu wa Mpwapwa hapo mtanielewa haraka, ng'ombe wetu wa Mpwapwa alipatikana kwa kuchagua vilevile, anayevumilia mazingira magumu na bado anatoa maziwa ndo anaendelezwa. Sasa wale kuku wa Davis misuli inayonyoosha mguu, ile ya kukufanya usimame, ilikua, lakini inayokunja mguu haikuongezeka hivyo. Mafuta yalipungua vibaya sana, na kwa kila gramu ya mwili walikuwa wanakula zaidi, kwa sababu kusimama tu pale ni kazi.

Kwa panya sasa, hapa ndo napapenda. Panya akiingia g 2 siku za mwanzo anaacha kula vizuri, joto la mwili linashuka, na ule mpangilio wa joto kupanda na kushuka kati ya usiku na mchana unavurugika, baadae unarudi polepole. Unaweza kudhani ni uchovu wa kubeba uzito. Mwaka 2002 Fuller na wenzake wakatumia panya waliozaliwa bila vile vijiwe vya kalsiamu kaboneti vya sikio la ndani, vinavyomwambia mnyama chini ni wapi, na hao panya joto halikushuka vile wala kula hakukuvurugika vile, wakati uzito wanaobeba ni uleule! Yaani taarifa inatoka sikioni inaingia kwenye ubongo, sehemu inayosimamia joto na njaa, na mwili mzima unabadilika.

Na vijiwe vyenyewe vinajirekebisha. Aplysia, konokono wa baharini asiye na gamba kubwa, mayai yake yakikulia kwenye sentrifugi vijiwe vyake vinatoka vidogo kuliko kawaida, ili kwenye mvutano mkubwa visisukume kupita kiasi. Kiumbe hakijaanguliwa bado na kashapima dunia yake.

Damu nayo ina shida yake. Safu ya damu ya mita 1 kwenda juu inadai presha ya kama milimita 77 za zebaki, kwenye g 2 inadai mara mbili. Ukitaka kuona mwili uliojipanga kwa hilo mwangalie twiga: presha yake ni kama mara mbili ya yako, ukuta wa moyo mnene, na ngozi ya miguu imebana ili maji yasijae chini.

Ila kila mnyama ana kikomo, na ukubwa ndo unaamua sana. Mwili ukirefuka mara mbili kila upande uzito unakuwa mara 8, eneo la mkato wa mfupa unaobeba linakuwa mara 4 tu, Galileo aliliandika hilo 1638. Kwa hiyo ng'ombe angeelemewa mapema sana, kuku anafika karibu g 3 kwa kuzoeshwa, na bakteria kule Japani, mwaka 2011, waliendelea kuzaliana kwenye g zaidi ya 400,000.