Mbwigu: mwindaji asiye na kucha za kuulia

Mbwigu ni ndege asiyependa kujificha. Hukaa peupe, kwenye ncha ya tawi au juu ya waya, akiangalia chini. Wengi wao ni wa ukubwa wa shore au wanamzidi kidogo: kichwa kikubwa, mkia mrefu, manyoya meusi, meupe na ya kijivu, wengine wakiwa na mgongo wa kahawia. Karibu wote wana utepe mweusi unaopita kwenye jicho, na utepe huo si pambo tu. Watafiti walipoupaka rangi nyeupe, ndege hao walishindwa kuwinda vizuri kama kawaida. Yaelekea ule weusi hupunguza mng'ao wa jua machoni.

Lakini mimi huanza na miguu. Mbwigu yuko oda moja (kundi kubwa la kibiolojia) na shomoro, na miguu yake imeumbwa kushika tawi. Kipanga hubana windo kwa kucha huku akilirarua. Mbwigu hana nguvu hiyo. Hata hivyo anakula panzi, mende, mijusi, panya, na ndege wadogo, na mara nyingine windo huwa na uzito unaokaribia wake mwenyewe. Anawezaje?

Kwanza kuna mdomo. Ncha yake imepinda kama ndoana, na nyuma kidogo ya ncha kuna jino kila upande, kama alilo nalo kozi. Akimkamata panya humng'ata kisogoni, na jino hilo huingia kati ya pingili za shingo. Kisha humtikisa. Mbwigu wa Amerika Kaskazini, Lanius ludovicianus, amepigwa picha za mwendo wa polepole, nazo zilionyesha panya akitikiswa takriban mara 11 kwa sekunde, kwa mchapuko unaofika mara 6 ya ule wa mvutano wa dunia. Shingo ya panya haihimili hayo, na kwangu hili linastaajabisha kuliko mwiba ambao ndio uliompa ndege huyu sifa mbaya.

Mwiba nao hufanya kazi ambayo mguu hauwezi. Mbwigu huchomeka windo kwenye mwiba au seng'enge, au hulipachika kwenye panda ya tawi, halafu hunyofoa vipande kwa mdomo. Kinachobaki ni akiba. Sikubaliani kabisa na wanaomwita mkatili kwa sababu ya akiba hiyo. Katika jangwa la Negev, Israel, madume wenye akiba kubwa hupata majike mapema kuliko wenzao. Na wale wa Amerika wakimkamata panzi mwenye sumu, Romalea, humwacha mwibani siku moja au mbili mpaka sumu ipungue, ndipo wamle.

Makinda huzaliwa na hamu ya kuchomeka: huburuta majani na vijiti kwenye matawi muda mrefu kabla hawajaua chochote. Ila kulenga mwiba ni jambo la kujifunza, na asiyepata miiba mapema huchelewa kulimudu.