LSAT ukiwa umeajiriwa: mazoezi mengine yako humohumo kazini

Wengi wanaonifuata hapa Mbeya kutaka kujiandaa na LSAT, ule mtihani wa kuingilia shule za sheria Marekani, kitu cha kwanza wanalalamikia muda. Mtu katoka kazini jioni, kapanda daladala mpaka Uyole, kapika, kaogesha watoto, saa tatu usiku ndo anafungua laptop na macho yanafumba yenyewe. Mi nilianza hivohivo nikiwa afisa mikopo, miezi mitatu ya kusoma usiku na maksi zikagoma palepale.

Kilichonitoa ni kuelewa kwanza mtihani unapima nini. LSAT haikuulizi kifungu chochote cha sheria. Sehemu zinazohesabiwa ni tatu, mbili za hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35, halafu kuna ya nne ambayo haihesabiwi ila wakati unafanya huwezi kujua ni ipi, kwahiyo unazifanya zote kwa nguvu ileile. Maksi zinaanzia 120 hadi 180. Yaani kazi kubwa ni hoja: mtu kasema jambo, katoa sababu, we utafute panapovuja. Sasa hoja si ndo tunashinda nazo ofisini?

Chukua kikao cha mikopo. Mjumbe anasema huyu mama wa viazi pale Mwanjelwa tumpe, mwaka jana alikopa akamaliza kabla ya muda. Vichwa vyote vinatikisika kukubali. Lakini mwaka jana alikopa laki tano na saivi anaomba milioni nne, hoja nzima imekalia kitu ambacho hakuna aliyekitamka, kwamba aliyemudu deni dogo atamudu na kubwa. Maswali ya namna hiyo kwenye LSAT yamejaa. Nikaanza kutembea na kijidaftari, kila siku hoja moja niliyoisikia kazini, naandika anataka tukubali nini, sababu yake ipi, na nini kakiruka. Jina la mteja siandiki, siri ya ofisi ibaki ofisini.

Kingine kinachoangusha watu ni masharti. Mlinzi getini akikwambia "bila kitambulisho huingii", hajasema ukiwa nacho utaingia! Unaweza kuwa nacho mkononi na ukarudishwa kwa sababu ofisi imefungwa. Nawafundisha hili kwa Kiswahili kwanza, maana wengi wanalaumu Kiingereza chao wakati kilichowakwamisha ni mantiki, likishakaa kichwani ndo tunahamia kwenye maswali yenyewe.

Muda wa kukaa mezani, hamishia alfajiri. Saa kumi na moja, sehemu moja, dakika 35 kwa kuhesabu kwenye simu, baridi ya Juni ya huku mnaijua kwahiyo blanketi na chai viwe karibu. Kesho yake usiguse swali jipya, rudi kwa uliyokosa uandike kwa nini lile jibu baya lilikuvutia. Hapa ndo watu hawapendi kukaa, na maksi zangu zilianza kupanda hapahapa. Mtihani mzima ufanye wikiendi, na mapumziko ya dakika 10 baada ya sehemu ya pili kama siku yenyewe. Kukosa hakukatwi maksi, muda ukikaribia kuisha jaza yote.

Na vitabu vya kurithi muwe navyo makini. Yale mafumbo ya kupanga watu na viti yaliondolewa kuanzia Agosti 2024. Dada mmoja muuguzi alikuja kwangu akiwa kamaliza wiki sita za alfajiri kwenye mafumbo hayohayo, iliniuma sana kumwambia.

Halafu likizo ya mwaka msiimalizie yote Desemba, bakizeni hata siku tatu za wiki ya mtihani, na wa shifti za usiku ongeeni na mkuu wa zamu mapema, mwezi mmoja kabla.