Salinomita: mlinzi wa maji yanayokenekwa melini

Salinomita ni kifaa kinachopima chumvi katika maji ya bahari yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke na mvuke ukapozwa kuwa maji tena, kabla hayajaingia tangini. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Yakishakenekwa vizuri hubaki miligramu chache tu, na melini kengele hutegwa mara nyingi kwenye miligramu 10 kwa lita. Ulimi haung'amui kiasi hicho, lakini umeme unang'amua.

Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Chumvi ikiingia, mkondo hupita kwa wepesi. Elektrodi mbili, yaani vipande vya kupitishia umeme, zilizochomekwa kwenye bomba la maji hupima wepesi huo. Shida ni kwamba joto nalo huuongeza, kwa takribani asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo kifaa lazima kifidie joto, la sivyo maji ya moto yatasingiziwa chumvi. Kipimo kikipita kiwango, vali ya umeme huyaelekeza maji kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya meli, au huyarudisha kwenye mtambo wa kukeneka, na kengele hulia.

Chumvi haigeuki mvuke, basi inatoka wapi? Mara nyingi hubebwa na matone. Maji yakichemka kwa fujo, au yakijaa mno mtamboni, mvuke huondoka na matone ya maji ya chumvi ambayo wavu wa kuyanasa haukuwahi kuyazuia. Bomba la kondensa, sehemu inayopoza mvuke uwe maji, likitoboka, maji ya bahari ya kupozea huingia moja kwa moja. Na kabla ya kufungua mtambo mzima, fundi hupangusa elektrodi kwanza: uchafu huidanganya salinomita, na ukitanda juu yake kipimo huweza kusoma chini kuliko ukweli, kosa baya kuliko kengele ya bure.

Wengi huchanganya hapa: maji yasiyo na chumvi si lazima yawe salama kunywewa. Mitambo mingi huchemsha ndani ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, kwa nyuzi 40 hadi 60 hivi, kwa joto la maji yaliyopoza injini. Joto hilo haliui vijidudu vyote, na salinomita haivioni; mafuta pia haiyaoni. Ndiyo maana mtambo huzimwa meli ikikaribia pwani, ambako maji huwa machafu zaidi, kwa kawaida ndani ya maili 20 za baharini, na maji ya kunywa hutiwa klorini au kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno.