Kupima jeni za uvimbe wa mapafu: maswali ya familia za Goma

Baba alimeza dawa ya TB miezi sita na kikohozi hakikuisha. Sasa banasema ni kansere, tena banaomba kipimo ya jeni. Hiyo ni ya nini?

Habari ya TB haishangazi. Kukohoa wiki nyingi, kukonda, damu kwenye makohozi: magonjwa haya mawili yanafanana sana, na katika mji wetu TB ndiyo inayofikiriwa mwanzo. Kama mashine ya GeneXpert, inayotafuta TB kwenye makohozi, haikuona kitu na dawa hazikusaidia, ni haki ya mgonjwa kupigwa skana na kukatwa kipande cha uvimbe kikapimwe.

Sasa jeni, yaani maagizo yaliyo ndani ya kila seli ya mwili. Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Katika wagonjwa 100, karibu 85 wana ile isiyo ya seli ndogo, na wengi kati yao wana aina inayoitwa adenokasinoma. Lakini hata wawili wenye adenokasinoma wanaweza kuwa na chanzo tofauti ndani ya seli. Kwa mmoja, jeni ya EGFR imeharibika na inaziamuru seli zigawanyike bila kukoma. Kwa mwingine ni ALK, ROS1, RET, BRAF, MET au KRAS. Kwa nyingi ya hitilafu hizi kuna vidonge vilivyotengenezwa kuzizima. Kipimo kinamwambia daktari kama mgonjwa huyu anayo mojawapo, na ni ipi.

Kumbe ni ugonjwa wa ukoo? Na sisi batoto tupimwe?

Hapana. Kinachosomwa hapa ni jeni za uvimbe, si za mwili mzima. Hitilafu ilizuka ndani ya seli za pafu baba akiwa mtu mzima. Hakuzaliwa nayo, kwa hiyo hakuirithisha. Kuna familia chache mno duniani zinazorithi hitilafu ya EGFR, na daktari akiona dalili hiyo kwenye majibu atawaita. Wale jirani wanaonong'ona kuhusu karuho, ile sumu wanayosema mtu amelishwa, waacheni waseme. Karuho haibadilishi EGFR.

Mama hajavutaka tumbaku hata siku moja. Ilitokea wapi?

Tumbaku ndiyo kisababishi kikubwa, lakini si pekee. Mwaka 2012 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli kati ya visababishi vya saratani, na mwaka 2013 likaongeza hewa chafu ya mijini. Moshi wa kuni ndani ya nyumba liliuweka kati ya vitu vinavyoelekea kusababisha. Tena, hitilafu za EGFR na ALK hupatikana zaidi kwa watu wasiovuta. Kwa hiyo mama asiyevuta ana sababu kubwa zaidi ya kupimwa.

Kipimo inafanywa aje? Banatosha damu tu?

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza nafasi, basi nitakaa kidogo.

Kinachohitajika hasa ni nyama ya uvimbe. Daktari huichukua kwa sindano kupitia mbavu, kwa mrija wa kamera unaoingia kwenye njia ya hewa, au kutoka tezi iliyovimba shingoni. Kipande kiingie mara moja kwenye formalini (maji ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, kikae humo kati ya saa 6 na 48. Kikizidishwa siku nyingi, DNA, yaani uzi unaobeba jeni, hukatikakatika na mashine haisomi kitu. Kama kimetolewa kwenye mfupa, waambieni labo wasikilainishe kwa asidi kali, kwa sababu hiyo nayo huiharibu DNA.

Baadaye kipande hugandishwa ndani ya nta ya parafini, kikawa kile kinachoitwa bloki. Bloki haihitaji barafu. Inakaa miaka, na inasafiri ndani ya bahasha. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025 wengi walidhani hakuna kipimo kinachoweza kutoka tena, lakini kitu kidogo kama hicho kinavuka bariyeri ya Gisenyi mfukoni, mgonjwa akibaki nyumbani. Kiombeni mapema, pamoja na karatasi ya majibu ya patholojia, na mwulize labo gani itakisoma.

Jambo la pili ni maji ya kifua. Mgonjwa anashindwa kupumua, anatolewa lita nzima ya maji, anapata nafuu, na maji yanamwagwa. Kama ni ya saratani, yamejaa seli! Labo inaweza kuyazungusha, ikakusanya seli, ikatengeneza bloki kutoka humo bila kumchoma mgonjwa tena. Semeni kabla sindano haijaingia.

Damu? Ndiyo, uvimbe hudondosha vipande vya DNA kwenye damu na vinaweza kusomwa. Damu ikionyesha hitilafu, jibu linaaminika. Isipoonyesha, bado hamjajua, na lazima kurudi kwenye nyama.

Kuna mutu anaweza kutuletea vile vidonge kutoka Kampala. Tuanze tu, kipimo ikuje nyuma?

Msianze. Utafiti wa IPASS uliofanywa Asia, ukachapishwa mwaka 2009, ulilinganisha kidonge cha gefitinibu, kinachozima EGFR, na kemotherapia (dawa za kawaida za saratani). Wenye hitilafu ya EGFR walifaidika zaidi na kidonge. Wasio nayo, ugonjwa uliwaendea mbio zaidi kuliko kama wangepewa kemotherapia. Kidonge ni kilekile. Kwa wa pili kinakula pesa na miezi ambayo hana.

Vivyo hivyo na zile sindano za kuamsha kinga ya mwili. Kwa wenye EGFR au ALK mara nyingi hazisaidii sana, na zikitangulia kisha mgonjwa akapewa osimertinibu, kidonge kingine cha EGFR, hatari ya mapafu kuvimba inaongezeka. Kama hali haisubiri, daktari anaweza kuanza na kemotherapia peke yake huku majibu yakingojwa.

Na vidonge vinaponya?

Kwa saratani iliyosambaa, kwa kawaida haviponyi. Vinaipunguza na kuirudisha nyuma, mara nyingi kwa miezi mingi, kwa wengine miaka. Vipele na kuharisha ni kawaida. Baadaye seli hujifunza kukwepa dawa: kwa waliomeza gefitinibu au ndugu yake erlotinibu, karibu nusu hupata hitilafu mpya iitwayo T790M, ambayo osimertinibu inaiweza. Ndiyo maana ugonjwa ukirudi, kipimo hurudiwa.

Feza ni kidogo. Tulipie nini mbele?

Ulizeni kwanza kama uvimbe unaweza kukatwa. Ukiwa bado mdogo na haujatoka pafuni, operesheni ndiyo inayotangulia.

Kama umesambaa, kusoma jeni nyingi kwa mara moja ndiko bora, lakini ni ghali. Kwa mwenye adenokasinoma na pesa kidogo, ningeanza na EGFR peke yake, kwa sababu dawa zake zinafikika zaidi: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka erlotinibu kwenye orodha ya dawa muhimu, na gefitinibu ikatajwa kama mbadala wake. Kabla ya kulipia kipimo, mwulizeni daktari waziwazi: jibu likitoka ndiyo, dawa tutaipata wapi, na mwezi mmoja ni dola ngapi? Kama hana njia yoyote ya dawa, hizo pesa zilipie kemotherapia, na morfini ya maumivu.